Babu Yumo Gazetini

Sidi, Abdulkadir ameumbuka leo! Tena mbele ya wakwe!

Si unajua anavyojigamba kwamba babu yake, Mzee Mwinyihaji, aliandikwa gazetini wakati wa Uhuru? Leo tumekwenda kumposea Msambweni, pamoja na babu mwenyewe, na Abdulkadir kalibeba lile gazeti la 1963!

Baba mkwe akavaa miwani, akasoma kwa sauti: "Wananchi wa Ramisi walijaa barabarani wakishangilia." Basi. Jina la babu hakuna. Sidi, HAKUNA!

"Mzee wangu, uko wapi humu?" baba mkwe akamuuliza babu.

Babu akaweka kidole. "Hapo. Wananchi."

Wanawake tukaficha vicheko ndani ya leso. Abdulkadir alitahayari hata kikombe kikamganda mdomoni.

Babu wala hakushtuka. "Mwaka uliotangulia, gazeti hilihili lilituandika vibarua wa miwa. Watu ni walewale, mapanga ni yaleyale. Nilipoliona neno wananchi, nikajua leo nimeandikwa mimi."



Baba mkwe akavua miwani, akaifuta polepole. "Marehemu baba alikuwa akikata miwa Ramisi mwaka huo. Basi naye yumo humu."

Posa imekubaliwa, Sidi. Gazeti ndilo wamekataa kulirudisha.