Picha Haitoki Dirishani

Nyuma ya Duka la Vifaa vya Ujenzi,
Jumapili, 9 Juni.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba goti limeacha kukusumbua unapopanda ngazi. Huku sisi tu wazima. Mimi miguu imevimba, viatu vyote vimenikataa, nauza misumari na koki nikiwa nimevaa ndala za mume wangu. Mjukuu wako anapiga mateke, hasa nikiwa napiga hesabu ya mteja.

Ujumbe wako nimeupata. Mama mkwe alipita mbele ya studio ya picha, akaliona tumbo langu limetundikwa dirishani kwa kila mpita njia, akakupigia simu kabla hata hajafika kwake. Nawe ukaagiza picha itolewe leo leo. Shangazi, nakuheshimu, wewe ndiye uliyenilea. Lakini picha haitoki.

Kwanza nikusimulie ilivyopigwa, maana nina hakika hukuambiwa. Mpiga picha wetu tunamwita Tabasamu, kwa kuwa kutwa anawaamuru watu watabasamu na yeye mwenyewe amenuna. Nilivaa gauni jekundu la kuazima palepale studio, linalobana hasa. Mume wangu akasimama wima kana kwamba anapigwa picha ya kitambulisho. Alipoambiwa aweke mikono juu ya tumbo, akaificha mfukoni. Unaijua mikono ya fundi wa kuchomelea, imejaa makovu ya cheche. Tabasamu akamfokea, "Itoe bwana, unamficha nani? Si mtoto wako?" Basi akaiweka, na hapo ndipo alipocheka. Tabasamu aliomba ruhusa aiweke dirishani. Nilimwambia aiweke katikati.

Unasema watu wana macho, tusiwaonyeshe kitu kabla hakijafika salama. Shangazi, ile mimba ya kwanza nilikutii. Nilivaa magauni mapana kama mapazia, wateja wakanitania kwamba ndoa imeninenepesha, nikacheka nao. Mwezi wa saba mtoto akazaliwa hana pumzi. Ni macho ya nani yaliyomwona? Hakuna aliyemwona, na bado alikufa.

Wala hakuna aliyekuja kutupa pole. Wangekujaje, na hawakujua kama kulikuwa na mtu? Nilirudi dukani, mteja mmoja akanisifu kwamba nimepungua vizuri. Mume wangu alirudi karakana, wenzake wakamuuliza macho yamekuwaje, akasema ni ule mwanga wa kuchomelea. Wakamshauri avae miwani. Nilikasirika, Shangazi, na hasira ile haijanitoka mpaka leo.

Juzi mama mkwe alimtuma mwanawe akaitoe hiyo picha. Alikwenda kweli, nami nikabaki nyumbani nimefura. Akarudi mikono mitupu.

"Umeiacha?" nikamuuliza.

"Nimeikuta imekaa upande," akasema. "Nimemwambia Tabasamu ainyooshe."

Tangu hapo mama mkwe hatusemeshi, ingawa jana alituma beseni la kuogeshea mtoto, bila salamu. Nimelipokea, nikalisugua, nikaliweka chini ya kitanda.

Usidhani siogopi. Naogopa kila asubuhi. Nikiamka hajacheza, nakaa kitandani nimeshika tumbo mpaka anigonge, ndipo navuta pumzi. Ila safari hii sitaogopa kwa kujificha.

Nisalimie Bibi, umsemeshe kwenye lile sikio lake linalosikia. Nisalimie na pacha wote wawili, na dada yangu muuguzi, mwambie ameninunia bure. Mungu akupe afya na usingizi mzuri, na akulainishe moyo kidogo kwa ajili yangu.

Ndani ya bahasha hii nimekuwekea nakala ya picha. Nakuomba uitundike sebuleni pamoja na za wajukuu wako wengine, usiifungie kabatini. Wageni wakiuliza, waambie ni mjukuu wako, yuko njiani. Akifika salama, nitakuja naye umbebe. Asipofika, usiiteremshe. Waache waulize, uwaambie, na waje kunipa pole.

Mwanao akupendaye,

Mama wa wawili.