Kopo Lisilo na Alama Nyekundu

Ijumaa, katikati ya Januari, 2014. Ukungu.

Asubuhi nilifungua dirisha na sikuuona hata msikiti, na uko ng'ambo ya barabara tu. Mtaa wetu wote wa Al Baraha ulikuwa umemezwa. Ukungu wa Januari ni jambo la kawaida huku Dubai, lakini wa leo ulinikaa vibaya tangu mwanzo. Au labda nasema hivyo kwa kuwa sasa najua siku ilivyokwenda.

Nitaandika kila kitu kwa mpangilio, hata pale ninapojiaibisha. Hasa pale.

Kwa asiyenijua: nasuka nywele saluni, na Ijumaa, siku yangu ya mapumziko, naoka keki za watu hapa nyumbani. Kibali cha kuoka sina. Visa yangu ni ya kusuka. Kafeel wangu, yule anayenidhamini visa, akijua, khalas, narudi Kakamega na mabegi yangu. Naishi na Nakato, Mganda anayefanya usafi hotelini, na jiko letu ni moja.

Keki ya leo ilikuwa ya Bi Zuwena. Huyu ni mama wa Kizanzibari aliyekaa hapa tangu mimi sijazaliwa. Alianza kama mteja wangu wa saluni, sasa ndiye mama yangu wa Dubai. Mjukuu wake Nasra ametimiza miaka mitano. Nasra hataki krimu, hataki rangi. Anataka sponji iliyofunikwa sukari ya unga, nyeupe pe, na kwao kila mtu anajua kwamba ataramba sukari kwanza, keki baadaye.

Saa nne natafuta sukari ya unga, hakuna. Duka la chini Ijumaa halifunguliwi mpaka watu watoke kuswali, na keki ilitakiwa saa nane. Nikasema, kwani shida iko wapi? Nitasaga mwenyewe.

Kusaga si kazi. Kwa kila kikombe cha sukari ya kawaida, nami nilitia vitatu, unaweka kornflawa kijiko kimoja ili isigandamane, blenda inazunguka mpaka punje ziishe. Ila ukimaliza usifungue kifuniko haraka, acha vumbi litulie. Mimi na pupa yangu nilifungua. Wingu likapanda usoni, likatua kwenye nyusi, kwenye jiko, na juu ya mende mmoja aliyekuwa amelala chali karibu na meza. Nilicheka. Nikaramba kidole, tamu. Nikachekecha mara mbili, nikaifunika keki mpaka sponji haionekani, na iliyobaki nikaitia kwenye kibakuli cha Nasra cha kuramba. Saa nane Salim, mtoto wa Bi Zuwena, akaja kuichukua.

Mende yule alipaswa kunikumbusha kitu. Jumatano mtu wa dawa alikuja kupuliza nyumba, tukatoa vitu vyote kabatini na kuvitia kwenye maboksi. Tangu siku hiyo hatujavirudisha.

Sasa nieleze habari ya makopo. Sisi tunaogawana nyumba hatununui vyombo vya kuhifadhia vitu. Tunatumia makopo ya maziwa ya unga. Chumvi iko kwenye kopo la maziwa, majani ya chai, sabuni, hata vifungo. Yote sura moja. Langu la kornflawa nilikuwa nimelitia alama ya rangi nyekundu ya kucha kwenye kifuniko. Nakato naye alikuwa na lake la dawa ya mende, ile ya unga mweupe, na hakulitia alama yoyote kwa sababu lilikaa peke yake chini ya sinki. Tumeishi hivyo mwaka mzima tukijiona tuna akili.

Asubuhi nilichukua kopo lililokuwa juu kabisa ya boksi. Nilifunua, nikaona unga mweupe, nikachota. Sikutazama kifuniko.

Nilikuja kukitazama saa tisa, nikiosha vyombo. Kopo lenyewe lilikuwa limekwisha na nimeshalisuuza. Kifuniko hakikuwa na nyekundu.

Nikapekua boksi. Kopo langu lilikuwa chini kabisa, nusu limejaa. Nilichota kijiko nikakitia kwenye maji, nikakichemsha. Kikawa uji. Kwa hiyo kornflawa yangu ni hii, na asubuhi sikuigusa. Niliinama chini ya sinki. Kopo la Nakato halikuwepo.

Ilikuwa saa tisa na dakika kumi.

Mtu mwenye utu angempigia Bi Zuwena papo hapo. Mimi nilimpigia Nakato. Akiwa kazini simu yake hufungiwa kabatini mpaka saa moja, hilo nalijua vizuri kabisa, na bado nilimpigia mara kumi na moja. Nilijiambia nahitaji uhakika kwanza. Uongo mtupu. Niliogopa. Niliwaza polisi, nikawaza kafeel, nikamwona mama yangu akiulizwa na majirani mbona Rose amerudi ghafla. Nikajiambia pia kwamba mimi mwenyewe nimeiramba na bado nasimama.

Adhana ya alasiri ikalia. Sherehe ilikuwa baada ya alasiri. Nilijua kabisa kwamba wakimaliza kuswali watakata keki.

Niliisikiliza mpaka ikaisha, simu mkononi.

Saa kumi kasoro dakika kumi ndipo nikapiga. Dakika arobaini zilikuwa zimepita. Bi Zuwena alipokea akicheka, nyuma yake watoto wanapiga kelele. Nikayasema yote kwa pumzi moja, kwamba wasile keki, kwamba kwenye sukari huenda kuna dawa ya mende. Akasema, kwa sauti ya chini kabisa:

"Nasra keshakula."

Simu ikakatika.

Baadaye Salim alipiga kutoka hospitali. Watoto wengine walikuwa hawajagusa. Nasra alikatiwa wa kwanza kwa kuwa siku ni yake, saa tisa na dakika arobaini hivi, na kibakuli chake alikiramba mpaka kikang'aa. Daktari alitaka jina la dawa na kiasi nilichotia. Jina sikulijua. Kiasi nilikijua, vijiko vitatu. Nilipomwambia nakuja, akasema kwa adabu nisije. Nikamwaga taka zote sakafuni nikitafuta pakiti ya dawa, sikuiona. Vumbi la sukari lilikuwa bado limetanda juu ya jiko na sikuthubutu kulifuta, nikifikiri huenda watakuja kulichukua walipime. Nikakaa nikilitazama. Niliomba sana. Katika kuomba kwangu, Mungu anisamehe, mara mbili nilijikuta naombea visa.

Saa moja na dakika tano Nakato akapiga, ameona simu zangu zote akadhani nyumba imeungua. Nikamuuliza dawa ya mende iko wapi. Akasema hana tena. Jumatano mtu wa dawa alimwambia haina kazi, naye akampa yule dada Mfilipino wa ghorofa ya chini, na kopo lake. Nikamuuliza, basi kopo la juu ya boksi lilikuwa na nini? Akashangaa. Pakiti yangu mpya ya kornflawa, ile niliyonunua juzi juzi nikaisahau, ilichanika tukihamisha vitu. Nyingi ilimwagika, kidogo kilichobaki akakimimina kwenye kopo safi, akaliweka juu kabisa ili nilione. Alisahau kuniambia kwa sababu shifti zetu zilipishana.

Kornflawa. Mtoto alikula sukari na kornflawa.

Nilimpigia Salim huku nalia, nikamwambia ni kornflawa tu. Naye alikuwa ameshaanza kutulia, maana hata madaktari hawakuona kibaya chochote. Kisha Bi Zuwena akaichukua simu. Nilijua nitatukanwa na nilitaka kutukanwa. Akaniita mwanangu. Akasema wengine wangenyamaza, wangengoja waone, lakini mimi nilimjali mtoto kuliko nafsi yangu. Amekwisha kuwaambia jamaa zake wote. Halafu akauliza, wala si kwa kunishuku:

"Ulipojua tu ukapiga, siyo?"

"Ndiyo, Mama."

"Mungu akulipe."

Sasa ni saa tatu usiku. Nasra amelala kwao, mzima. Hakuna aliyedhurika, hakuna polisi, visa yangu iko pale pale. Nilipaswa kupika nile. Badala yake nimeishika simu nasoma orodha ya niliowapigia: Nakato, Nakato, Nakato, tangu saa tisa na dakika kumi, mtoto akiwa hajagusa kitu. Ingekuwa dawa kweli, ningekuwa nimempa nusu saa nzima ya kuila, na sasa nabarikiwa kwa hilo.

Hapa nimeandika kwa sababu hapa haniulizi mtu.

Kesho asubuhi Salim ataniletea sahani yangu ya keki. Na kwa kina Bi Zuwena sahani ya mtu hairudishwi tupu. Ameshaniambia anapika vitumbua kwa mkono wake, vyangu mimi.

Nitaipokea, nimwambie Salim ahsante, nifunge mlango? Au nimpigie mama yake kabla hajawasha jiko?