Viluwiluwi Walioshiba Steki

Baba yangu, mwenye bucha ya mtaa wa Bagamoyo, hapa Tukuyu,

Leo nimecheka peke yangu jikoni hadi wajukuu zako wakaja kunichungulia. Nimekukumbuka wewe na viluwiluwi wangu. Najua hutanijibu tena, lakini ni lini mimi nimewahi kukunyamazia?

Nilikuwa kidato cha nne. Barua ya kuniposa ilikuwa mezani juma zima, nawe ukasema: "Nionyeshe kitu ndani ya ng'ombe ambacho mimi mchinjaji sikijui. Ukishindwa, naikubali barua hii." Eti ulidhani umenibana!

Mwalimu wetu wa baiolojia, mama wa kutoka kijiji cha Ikuti, alisema vifaa hakuna, ndiyo kujitegemea kwenyewe. Tukavua viluwiluwi kijitoni, tukawagawa kwenye makopo mawili. Wa kopo la kwanza wale majani tu. Wa pili waongezewe tezi ya ng'ombe, ile iliyoshikana na koromeo, tuone kama wataota miguu upesi. Nikakuomba. Loo, Baba, na majivuno yako! Binti yako apeleke shuleni kitu unachowatupia mbwa? Ukakata steki vipande vidogo, ukanifungia kwenye jani la mgomba bila kuniambia ni nini. Viluwiluwi wakanenepa, miguu hakuna. Nikalia. Mwalimu alipokagua kile kifurushi alicheka mpaka akakaa chini. "Mwambie baba ndaga fijo, ahsante sana, lakini hii ni ya kupika!"

Kesho yake ukaleta tezi yenyewe, umenuna. Hazikupita siku nyingi, miguu hiyo! Mikia ikafupika. Wale wa majani walibaki vilevile. Nikakuita uone vyura wadogo kama maharage wakiparamia ukingo wa kopo. Nikakueleza kwamba tezi ile hutoa homoni, nayo hupita kwenye damu ikiuambia mwili kuwa wakati wa kubadilika umefika, na kwamba hata wewe unayo. Ukajishika shingo. "Subhanallah! Na miaka yote hii nawapa mbwa?"

Nimefundisha baiolojia mpaka nikastaafu, Baba, na kila darasa nililiagizia tezi buchani. Nilikuwa na furaha kazini, furaha kweli kweli, na nilipaswa kukwambia ukiwa hai.

Jioni ileile ya vyura wale, wajumbe wa posa walikuja. Nilikuwa nyuma ya pazia, nikisikiliza. Nilidhani utawatafutia udhuru wa heshima. Ukawaambia, "Mtuwie radhi. Binti hawezi kuolewa sasa, bado ananifundisha kazi."

Pumzika salama, mchinjaji wangu.

Binti yako, mwalimu wako