Sauti Niliyoisikia Peke Yangu

Dada yangu,

Huku tu wazima. Bomba la jikoni limeacha kuvuja, na binti yangu, mwanao, ameota jino jipya.

Tangu uondoke, nakuonea wivu. Binti yangu hakuwahi kuzungumza na mtu ila mimi. Mwalimu, majirani, hata baba yake, wote waliambulia kimya. Ukaja wewe, daktari unayetafiti watoto wa namna hiyo, ukaketi sakafuni ukimpa mgongo, ukaanza kumpaka tembo wa kwenye kitabu chake cha picha rangi ya kijani.

Akasema, "Mama mkubwa, unakosea."

Ukajibu bila kugeuka, "Basi nisaidie, fundi."

Baba yake alilia kwa furaha. Mimi nilikwenda kuosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa.

Uliandika kwamba akikaa kwako muhula mmoja, karibu na kliniki, atazungumza na watu wengine pia. Najua ni kweli. Ndiyo maana nimechelewa kujibu: sikutaka kugawana sauti ile na yeyote, hasa wewe.

Nitamleta Jumamosi. Jana aliniuliza, "Huko nitaongea na nani?"

Nikamwambia, "Na yeyote umtakaye." Ilibidi nirudie, maana mara ya kwanza sauti haikutoka.

Mdogo wako