Sahani ya Bi Zuhura

Dada Koku,

Hamjambo huko Bukoba? Hapa Mombasa jua linatukaanga kama senene mliompa Mama atuletee. Kafika salama, ila Krismasi nusura anivunjie ujirani. Asubuhi Bi Zuhura, jirani yetu wa Kibokoni, alimletea mgeni mkate wa sinia. Mama akasema sahani ya watu hairudi tupu, akaijaza senene wa kukaanga na kuipeleka mwenyewe nikiwa bafuni. Nilijifungia ndani hadi alasiri nikingoja lawama, maana huku Pwani panzi hawaliwi. Hodi ilipobishwa, mlangoni alisimama Bi Zuhura na sahani ileile.

“Mamako asinione sina haya kuja na sahani tupu,” akasema. “Wale panzi wamebaki?”

Hawajabaki, dada. Leta gunia, sasa ni heshima ya ukoo.

Nawabusu wote,
Mdogo wako Tumaini