Mwenye Mzinga Si Mwenye Pori

Mpendwa wifi yangu, Mama Zawadi,

Ametoka. Nimelitanguliza hilo kabla ya salamu kwa sababu nakujua, ungeruka mistari yote ukilitafuta. Ntandu ametoka gerezani, mzima, na hivi ninavyoandika amelala chumba cha pili hapa kwangu Utemini, anakoroma mpaka kuku wangu wamehama upande ule wa ua. Haya, sasa tusalimiane. Hujambo huko Kiomboi? Zawadi hajambo? Wazazi wape shikamoo zangu, hata yule baba yako ambaye hajawahi kunipenda.

Naandika barua ya wazi, isomwe na yeyote, maana namba yako haipatikani tena, na kumtuma mtu kwenu naona kungezua maneno. Atakayeisoma akakufahamu, akufikishie.

Tangu kaka yangu atoke sina kazi nyingine ila kukumbuka. Nimekumbuka siku ulipoletwa Mungaa mara ya kwanza. Baba alikuwekea sega zima kwenye sahani, nawe ukatafuna, ukatafuna, mwishowe ukalimeza na nta yake, kwa kuwa hukujua utaitemea wapi mbele ya mkwe. Ntandu alitoka nje kwenda kucheka. Aliporudi akasema, "Wanyiramba hawa, tukiwaachia watakula na mzinga." Ukamjibu bila kuinua macho, "Ukiwa na asali ndani, naula." Hapo hapo nikajua kaka yangu amepatikana.

Jioni ile baba alikuonyesha alama yetu. Mikato mitatu na mstari mmoja uliopinda, imechongwa kwenye gogo la mzinga. Alikueleza kwamba mizinga inakaa pori la Itigi miezi na miezi bila mlinzi, na kinachoilinda ni ile alama tu. Mtu akikuta mzinga wenye alama ya mwenzake, anapita. Uliitikia kwa adabu, lakini usoni ulionekana unawaza nyuki.

Basi alama hiyo hiyo ndiyo iliyotuponza. Kuna mtu alisafisha uwazi katikati ya vichaka akapanda bhangi, na juu ya miti ya pale ilikuwa imetundikwa mizinga ya Ntandu. Askari walipofika hawakukuta mtu. Walikuta miche chini na alama juu. Wakaja nayo kijijini imepigwa picha kwenye simu, wakamwita mumeo kwa mwenyekiti, wakamuuliza alama ile ni ya nani. Naye, wifi, ndugu yangu yule asiyejua kusema uongo hata kwa faida yake, akajibu kifua mbele, "Ni yangu. Ya baba yangu, na ya babu yangu." Wakamfunga pingu.

Wewe ulikasirika kuliko sisi wote. "Angekana tu!" ulisema. "Angesema haijui, angekuwa amekaa hapa." Mimi nikakwambia mrina asali hakani alama yake, ni sawa na kumkana baba yake mbele ya watu. Ukanitazama, mkono juu ya tumbo, ukaniambia, "Alama hainyonyeshi mtoto." Tukanuniana wiki nzima, tukipikiana bila kusemeshana.

Kesi yenyewe ulianza nayo, unaijua. Dhamana hakuna, kwa sababu ya uzito wa miche. Kila tulipokwenda mahakamani tuliambiwa upelelezi haujakamilika, inaahirishwa. Ntandu anashushwa garini, anatupungia mkono, anarudishwa garini. Shamba la alizeti likaota magugu mwaka wa kwanza, mwaka wa pili akalikodi mtu mwingine, na ng'ombe wa kulimia wakaenda mnadani ili tumlipe wakili. Bado sikusema neno kuhusu serikali, maana nilifundishwa kwamba serikali ikimshika mtu ina sababu.

Unakumbuka siku ya ule ugali na mlenda? Ulikuwa mzito, miguu imevimba, umeubeba mfuko tangu stendi. Askari wa geti la gereza akakwambia onja kwanza chakula chako. Ukakaa chini pale pale, ukamega tonge la kwanza, la pili, la tatu, mpaka askari akasema, "Mama, nilisema uonje." Ukamwambia, "Na mimi nina njaa, na huyu ni mume wangu, tumezoea kula pamoja." Akageuka kando, nikaona anafuta jicho. Siku ile nilikupenda wifi yangu, ila sikukwambia.

Sikulaumu ulipoondoka. Nakumbuka yule mama kisimani aliyemwita Zawadi mtoto wa bhangi, akiwa bado mchanga mgongoni mwako. Uliweka ndoo chini, ukarudi nyumbani bila maji. Baada ya hapo kaka zako walipokuja kukuchukua, hakuna aliyekuwa na neno la kuwazuia nalo. Tungekuzuia kwa nini? Kwa chakula gani?

Nikueleze yaliyotokea nyuma yako, maana kwetu hayakuishia ndani ya nyumba yetu. Warina asali waliogopa. Kila mmoja aliingia porini na panga akaenda kukwangua alama yake kwenye mizinga, asije akaitwa kwa mwenyekiti. Wewe fikiria, mizinga mamia, yote inafanana, haina mwenyewe. Msimu uliofuata watu wakarinana, huyu akichukua asali ya yule. Marafiki wa baba, wazee waliokula pamoja miaka yote, wakaitana wezi hadharani. Mzee mmoja alikatwa mkono wakigombea gogo ambalo kila mmoja alikuwa anaapa ni lake. Na aliyelima ile bhangi, wifi, mpaka leo hajulikani. Pengine sasa analima kwingine.

Usinielewe vibaya, sijasimama kuitetea bhangi. Jirani yangu hapa Utemini ana kijana imemharibu, namwona kila siku anaongea na ukuta. Lakini hata yeye walimfunga, wakamtoa, hakuna aliyempa kazi, karudi kule kule akiwa mbaya zaidi. Naona sheria yetu ina mkono mzito wa kukamata na haina mkono mwingine. Nimekaa kwenye yale mabenchi na wake na mama za watu, kila mmoja na kikapu chake, na sikumwona hata mmoja pale ambaye mumewe au mwanawe ana nyumba ya bati jipya.

Sasa sikia siku yenyewe. Jaji alisoma muda mrefu, mimi nikidaka neno hapa neno pale. Baba alikuwa kando yangu na koti lake la arusi. Halafu wakili akatuinamia akanong'ona, "Anasema mwenye mzinga si lazima awe mwenye pori." Nikamuuliza, ndiyo nini sasa? Akasema, "Ndiyo anaachiwa, mama." Baba aliinama chini ya benchi kama aliyeangusha kitu. Nilidhani fimbo. Kumbe mzee analia, hakutaka watu wamwone.

Nilikasirika kidogo, kwamba neno fupi vile limengojewa muda wote ule. Lakini hasira haikukaa, wifi. Tulitoka nje jua kali, Ntandu katikati yetu amekonda kama fito, nikacheka peke yangu barabarani mpaka watu wakatugeukia. Nilikuwa sijui nimebeba mzigo mkubwa kiasi gani. Tulipofika Mandewa akaomba tusimame anywe soda. Akaishika chupa baridi, akaiweka shavuni, hakuinywa kwanza. Kisha akaniuliza swali moja tu: "Mama Zawadi ameolewa?" Nikasema sijasikia. Akanywa soda yake.

Na hilo la kuolewa lina habari yake. Ulipoondoka, baba mdogo aliitisha kikao. Mwanamke amekwenda, akasema, ng'ombe wa mahari warudi, ndiyo desturi, na hata dhiki yetu inataka hivyo. Nyumba nzima ilimtazama baba. Baba akasema, "Yule hakuondoka, aliondolewa. Siendi kudai." Tulilala njaa na ng'ombe zetu wakiwa kwenu, wifi, na hakuna aliyewataja tena. Kwa hiyo sijui huko wanakuitaje, lakini huku wewe ni mke wetu. Na kama moyo wako umeshapata pengine pa kutulia, pia sitakulaumu. Nimefurahi mno siku hizi, sina nafasi ya kumlaumu mtu.

Jumamosi anapanda gari kuja Kiomboi. Anakuja peke yake, bila wazee na bila madai, na asali kidogo aliyopewa na wenzake. Anataka kumwona mtoto wake, na wewe ukiridhia. Nakuomba kitu kimoja tu. Utamwona amesimama mlangoni, mlango uko wazi, wala hapiti. Usidhani ana kinyongo, wala usidhani anaogopa. Kule alikokuwa mtu hapiti mlango mpaka aruhusiwe, na hata hapa kwangu, dadaake mwenyewe, asubuhi hii nimemkuta amesimama kizingitini anasubiri.

Mwambie apite.

Ni mimi wifi yako,
Utemini.