Kikombe cha Uji Nilichokataa kwa Cucu

Majimbo,
Embu.
Jumapili, 9 Machi 2025.

Mpendwa Tata Wanja, shangazi yangu,

Najua barua huanza kwa salamu, na mwalimu wetu wa Kiswahili humkata alama anayeziruka. Lakini nisipolisema jambo hili kwanza nitalizungukazunguka hadi karatasi iishe. Sijamwambia mtu yeyote, hata Mama: nina njaa. Si njaa ya leo. Nimekuwa nayo tangu mwezi uliopita, nikikaa katika nyumba yenye chakula.

Sasa salamu. Hujambo, Tata? Joto la huko Lodwar linaendeleaje? Winfred, huyu mnayefanya naye kazi hospitalini, alipopita hapa kutusalimu alisema siku hizi mnalala nje ya nyumba, na kwamba umekonda kidogo lakini unacheka sana. Tulifurahi kwa hayo ya kucheka. Sisi hatujambo. Baba ameanza kutayarisha shamba la Manyatta akisubiri mvua. Mama anasumbuliwa na goti lile lile. Cucu, nyanya yangu, ni mzima, na anauliza kila mtu kama Lodwar kuna viazi.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu simu ninayotumia ni ya Mama, na yanayoingia humo husomwa na nyumba nzima. Winfred amekubali kukubebea barua hii akirudi kazini Jumanne.

Unakumbuka ile Krismasi uliyokuja likizo, ukakataa nyama mbele ya wajomba wote, na mbingu hazikuanguka? Nilikuwa darasa la sita. Nilikutazama nikajua kumbe inawezekana. Tangu siku hiyo sijala nyama wala samaki, na mayai unajua yalinishinda tangu utotoni. Baba huwaambia wageni kuwa ukoo wetu una mbuzi wawili wasiofugwa, mmoja yuko Majimbo na mwingine Lodwar. Sijali. Cucu yeye hakuwahi kucheka. Alianza tu kunipikia kando, bila kusema lolote.

Jambo lingine usilolijua ni kwamba ninakimbia. Dada Carol alipoacha chuo mwaka jana kwa ajili ya ujauzito, alinipa viatu vyake vya kukimbilia. Aliniambia, "Vivae wewe, mimi sasa nakimbiwa na pumzi yangu." Sikuwahi kuwa hodari wa mchezo wowote, lakini kukimbia hakutaki maneno mengi. Hupigi kelele za kuitisha mpira. Mwalimu Njiru, anayetufunza mbio za nyika, aliniweka kwenye timu ya shule, na nilikuwa naamka Jumamosi nikiwa na furaha.

Ndipo Ciku, rafiki yangu wa kwenye timu, akatuletea Mwezi Safi. Ni mashindano aliyoyapata kwenye simu. Kwa mwezi mzima huli sukari, huli unga wala nafaka yoyote, hunywi maziwa, huli maharagwe wala kitu chochote cha jamii yake. Kila mlo unaupiga picha na kuutuma kwenye kundi ili wenzako waone. Ukionja tu kilichokatazwa, hata kijiko, unaanza upya. Ciku si mtu mbaya, Tata. Alikuwa ameona wasichana wakikimbia vizuri baada ya mwezi huo akataka sote tukimbie hivyo. Yeye kwao kuna kuku na samaki, akitoa ugali sahani yake bado imejaa.

Mimi nilipoitazama sahani yangu niliona hesabu ambayo Ciku hakuiona. Nyama nilikuwa nimeiondoa mwenyewe. Wao wakaniondolea githeri ya mahindi na maharagwe, ndengu, maharagwe meusi ya njahi, chapati, uji na chai ya maziwa. Kilichobaki ni sukuma, nduma, ndizi, viazi vitamu na parachichi likipatikana. Mama alidhani ni mambo ya mbio, kwamba Mwalimu Njiru ametuagiza. Sikumsahihisha.

Utauliza kwa nini sikuacha. Ni kwa sababu nilikuwa naweza. Wenzangu walianguka mmoja mmoja, huyu kwa mandazi ya kantini, yule kwa chai ya asubuhi. Ciku mwenyewe ameanza upya kwa sababu ya keki ya siku ya kuzaliwa ya mdogo wake. Mimi sijaanza upya hata mara moja. Kwenye kundi wananiandikia maneno ambayo sijazoea kuandikiwa, kwamba mimi ni chuma, kwamba nisiwaangushe. Darasani hakuna anayekumbuka sauti yangu, Tata. Pale walikuwa wananingoja nitume picha ya nduma.

Lakini miguu ilianza kunikataa. Kuna mlima nyuma ya shule ambao mwezi wa kwanza nilikuwa naupanda nikihesabu vichaka. Juzi nilifika katikati yake nikaona nyasi zikigeuka nyeupe, nikakaa chini nikijifanya nafunga kamba za kiatu. Mwalimu Njiru alishuka hadi nilipokuwa akaniuliza ninakula nini siku hizi. Nikamwambia ninakula safi. Akasema, "Na kile cha mama yako ni kichafu?" Alisema kwa upole, hakuwa ananicheka.

Hayo yote ningeweza kuyavumilia. Lililonifanya nishike kalamu lilitokea jana kwa Cucu.

Unajua Carol amejifungua. Ni mvulana, na amepewa jina la Baba, Njeru, kwa kuwa hakuna upande mwingine wa kutoa jina. Anakaa Manyatta kwa Cucu hadi apate nguvu. Ulipojifungua Mutugi wako, wanasema kina mama wa kanisa walikuja kwa zamu hadi unga ukakosa pa kuwekwa. Kwa Carol wamekuja wachache. Wengine hupita barabarani wakiuliza habari zake kutoka kwenye lango, kana kwamba nyumba ina surua. Carol hasemi, lakini huyaweka yote moyoni.

Jana Mama aliniruhusu niende kumwona mtoto kwa mara ya kwanza. Cucu alikuwa amepika njahi zilizopondwa na ndizi mbivu, na uji wa wimbi kwa maziwa. Sufuria ya Carol ilikuwa na supu ya mifupa. Yangu ilikuwa kando, ndogo, imefunikwa kwa sahani, haikuguswa na supu. Cucu ni mzee, Tata, na alikuwa amewasha jiko la pili kwa ajili yangu.

Unajua desturi ya pale kuliko mimi. Anayekuja kumwona mtoto hupokea kikombe kwanza, na akishakunywa ndipo humpakata. Carol mwenyewe ndiye aliyenimiminia. Alikijaza hadi juu, akaninyooshea kwa mikono miwili.

Nilikitazama kile kikombe, na unajua nilichowaza? Niliwaza kundi la simu. Niliwaza kuanza upya, nikiwa nimebakiza juma moja tu. Nikasema tumbo linaniuma.

Carol alikiweka kikombe chini polepole. Cucu akasema labda njahi zitanifaa, kwamba ni laini. Nikasema hata hizo hapana. Kuku walikuwa wakichakura mlangoni. Kisha Carol akasema, bila kuinua sauti, "Kama unamwonea aibu mtoto wangu, sema. Usisingizie tumbo."

Ningemweleza wakati ule. Maneno yalikuwepo, lakini yalinikwama kama yanavyonikwama siku zote. Yangesikikaje? Kwamba nimekataa uji wa mtoto wake kwa sababu ya picha? Nilinyamaza, na kwake kunyamaza kwangu kukawa jibu. Alimfunika Njeru uso kwa leso akaingia naye ndani. Nilirudi Embu bila kumpakata. Sikumwona hata macho.

Dada yangu ananihesabu pamoja na wale wa langoni, Tata. Ndilo linaloniuma kuliko njaa. Viatu vyake viko chini ya kitanda changu na leo sijaweza kuvitazama.

Wewe ni muuguzi, na ni mbuzi mwenzangu. Nilitaka nikuulize mambo mawili. La kwanza, je, mtu kama sisi anayekimbia anaweza kuishi kwa nduma na sukuma, au mwili wangu unanidai kitu? La pili ni gumu zaidi. Nimwambie nini Carol ili aniamini, na tayari nimeshamdanganya mara moja? Nilifikiri nimngoje Winfred arudi na jibu lako, nifuate utakalosema neno kwa neno. Lakini kadiri ninavyoandika ndivyo ninavyoona kwamba jibu lako likifika, Njeru atakuwa ameshaanza kukaa mwenyewe, na dada yangu atakuwa ameshazoea kuwa sikuja.

Nisikuchoshe. Baba anakusalimu na anasema mahindi ya kuchoma yatakungoja Agosti. Mama anakusalimu. Cucu anakuombea kila asubuhi kwa jina lako lote, hata lile la ubatizo. Msalimie Mutugi, mwambie asome. Mungu akupe maji baridi na usingizi mzuri katika joto hilo, na akulinde barabarani siku utakaporudi nyumbani.

Ni mimi akupendaye, na akukumbukaye kila nyama inapopita mezani,
Gatwiri.

Tata, nimeongeza haya chini ya jina langu, kwa kuwa ukurasa umebaki. Mwalimu angeyapigia mstari mwekundu.

Nilipotia sahihi nilienda jikoni. Mama alikuwa anachambua mchele. Nikamwambia, "Mama, nina njaa." Nikamweleza yote, la mlima na la kikombe. Hakunigombeza. Alifunua githeri akataka kunipashia, nikamwomba angoje, kwamba chakula changu cha kwanza kiko Manyatta. Akafungua kibeti akanipa nauli ya bodaboda.

Carol alikuwa ameketi nje ya jiko la Cucu, mtoto begani. Nilisimama mbele yake nikasema kabla sijaogopa. Nilimwambia kuhusu Mwezi Safi, picha, na kwamba sikuwa na maumivu ya tumbo, na kwamba sijawahi kumwonea Njeru aibu hata siku moja. Nilisema nimekuja kunywa uji wake kama upo.

Aliniacha nisimame. Kisha akauliza, "Kwa hivyo ni simu iliyokukataza?"

Nikasema ndiyo.

"Kumbe nami usiku kucha sikulala kwa sababu ya simu," akasema. Alicheka kidogo, halafu macho yake yakajaa, akageukia upande wa shamba la chai.

Uji ulikuwa umepoa na kushika utando juu. Cucu alitaka kuupasha, nikasema hivyo hivyo unatosha. Niliketi kwenye kigoda nikanywa. Sikuupiga picha. Nilipofika nusu Carol akaniongezea bila kuniuliza, nikanywa huo pia hadi chini, nikaosha kikombe, nikanawa mikono.

Kisha akanipa Njeru nimpakate.